Mwanangu, usimtafutie pugi maqamu

Mwanangu, assalaam alaykum,

Umeniuliza kama unaweza kurekodi ndege wa msitu wa Ngezi, hapa Pemba, ukapata humo maqamu, yaani zile ngazi za sauti za taarabu, kwa vile mwalimu wako wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, amekwambia ndege ndio waliotufunza muziki. Maqamu usizitafute. Rasti, mojawapo ya maqamu, sauti yake ya tatu isipokaa mahala pake, msikilizaji hukunja uso, ndiyo maana kanuni ikawekewa vile vishikizo vya kurekebisha nyuzi. Ndege wengi sauti zao huteleza, hazikai kwenye ngazi. Uhusiano wao na muziki uko kwenye mdundo, marudio na mpangilio.

Kwa mdundo, anza na pugi, yule njiwa mdogo wa porini, maana sauti yake ni nzito na haina haraka. Milio ya mwanzo huachana, kisha husogeleana mpaka ikawa mfululizo. Ukigonga meza kumfuata, hesabu ya moja-mbili itakukatikia.

Chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua, ni kazi nyengine. Ndege wadogo wengi huimba kati ya mitetemo 2,000 na 8,000 kwa sekunde, na kitufe cha juu kabisa cha piano ni kama 4,186 tu. Punguza kasi ya rekodi kwa nusu, sauti itashuka oktava moja. Ifanye robo, itashuka oktava mbili. Hapo ndipo watu wengi hukwama: programu nyingi za simu hupunguza kasi lakini huiacha sauti juu vilevile. Zima hiyo sehemu ya kulinda sauti, ama hushuki popote. Unaweza kusikia sauti mbili kwa pamoja, na si kosa la simu. Ndege hutolea sauti chini ya bomba la pumzi, pale linapogawanyika, na kila upande unaweza kufanya kazi peke yake.

Nenda alfajiri kabla upepo haujaamka. Simu iweke juu ya jiwe, mbali na minazi, uiache dakika kumi. Ukiishika, vidole vinasikika. Zima kipunguza makelele, kwani chenyewe humhesabu ndege kuwa ni kelele. Hifadhi kwa WAV, faili isiyopunguza sauti, si MP3, inayoibana.

Marudio yasikilize kwa nyangumi wenye nundu, wanaopita kwetu wakati wa kusi. Watafiti Payne na McVay walieleza mwaka 1971 kwamba nyangumi huyu hurudia kifungu, akenda kingine, kwa utaratibu ule ule, kisha akaanza upya. Kwangu mimi huyu ndiye aliye karibu zaidi na mwimbaji.

Mpangilio urekodi wakati wa magharibi: nyenje juu, vyura kati, bundi chini. Mmarekani Bernie Krause, mrekodi wa sauti za porini, anasema wanyama hugawana nafasi za sauti wasifunikane, kama fidla na besi kwenye kikundi cha taarabu. Mimi naona ni kweli kwa kiasi. Vyura wa aina moja hupigana kelele bila ya aibu.

Kila rekodi iandikie saa, upepo, na kama maji yamejaa au yamekupwa. Ufuo wa Vumawimbi uko karibu, na wimbi likivuma humfunika bundi kabisa.

Mamaako