Ukiagiza kisu cha kukunja, unalipia springi

Tangu niweke picha ya kisu changu hapa, simu haipumziki. Wa mwisho kuniandikia ni kijana mmoja wa Muheza: "Kaka, nataka kama hicho hicho. Bei gani, na kinachukua muda gani?" Maswali mazuri, ila si ya kuanzia. Nimeona nijibu hapa hapa, maana najua mko wengi mnaotaka. Mtu akishashika kisu kilichotengenezwa kwa ajili ya mkono wake, haridhiki tena na vile vinavyoning'inizwa sokoni vikiwa vimefungwa kwenye kadibodi.

Niliyoitaka mimi ni okapi, aina ya kisu cha kukunja. Babu mzaa mama alikuwa nayo miaka yote aliyofanya kazi ya mkonge upande wa Korogwe. Ndiyo iliyokata kamba, ikamenya machungwa, na jioni ikakwangua kucha za miguu, mambo ambayo bibi hakuyapenda yafanywe na kisu kimoja. Bapa lake limenolewa mpaka limebaki jembamba, ncha imesogea, lakini ukilifungua bado linalia vile vile: kra, kra, kra, halafu linakaa.

Wengi hudhani okapi asili yake ni Afrika Kusini. Uzalishaji ulihamia huko mwaka 1988, ni kweli. Lakini kisu hiki kilianza Ujerumani mwaka 1902, kikitengenezwa mahususi kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika, na Tanga wakati huo ilikuwa chini yao. Mnyama mwenyewe aliyekipa jina, yule wa misitu ya Kongo mwenye miguu ya mistari, wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka uliotangulia tu, 1901. Wafanyabiashara hawakulala.

Sasa sikilizeni kinavyofanya kazi, maana hapa ndipo pesa yako inapokwenda. Mgongoni mwa mpini kuna springi ndefu yenye tundu. Shina la bapa lina meno. Ukifungua, meno yanapita chini ya tundu moja moja, na ndiyo ile sauti. Jino la mwisho likishaingia, bapa linakwama likiwa wazi, halirudi. Kulirudisha unavuta kipete kilichoshikizwa kwenye springi, springi inanyanyuka, jino linaachia. Ile miezi na nyota zilizochomekwa kwenye mti wa mpini ni urembo. Kisu ni springi.

Fundi wangu wa kwanza hakulijua hilo, au alilijua akanyamaza. Sitamtaja. Nilimpa nusu ya pesa, nikampa na picha, akaniambia "niachie mimi, hiyo kazi ndogo." Baada ya kunizungusha sana akanikabidhi kitu kinachong'aa kweli kweli, bapa unajiona sura, mpini umepigwa vanishi. Springi? Kipande cha bati. Kiungo? Boliti na nati, na ile nati ukiikaza kisu hakifunguki, ukiilegeza bapa linacheza kama jino la mtoto. Nilipolalamika akaniuliza mbele ya watu kama mimi ni mchinjaji au ni mchumba wa kisu. Wakacheka. Pesa haikurudi, na mpaka leo tukikutana barabarani ananiita "bwana visu". Namwitikia. Lakini sijasahau.

Wa pili nilielekezwa na jamaa wa baiskeli. Mzee mmoja ana kibanda Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye zile barabara za namba, anatengeneza kufuli, mapanga na mikasi ya mafundi cherehani. Ile mikasi ndiyo iliyonifanya nikae. Mtu anayeweza kufanya bapa mbili zipishane bila kuachia nafasi, huyo anajua kiungo ni nini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Kisu cha babu. Nataka nitengenezewe ndugu yake."

Akakipokea, akakifungua karibu na sikio. Akavuta kipete, akakifunga. Akafungua tena. Bapa hata hakulitazama. "Bapa hata mwanao atakutengenezea," akasema. "Nikikosea hapa mgongoni, nitakuwa nimekutengenezea mtego wa vidole."

Nikajua nimefika.

Akataka kukifungua chote atoe ribiti, zile pini zinazokishika, aone ndani. Nikakataa, hicho ni kisu cha babu. Akanitazama kidogo, akaenda kuchukua boksi la viatu. Akakilaza kisu juu yake, akakichora kikiwa wazi, akakichora kikiwa kimefungwa. Ile michoro haikumtosha. Akakata bati la debe kwa umbo la bapa, jingine kwa umbo la springi, akayapigilia kwenye ubao kwa misumari miwili, kisha akawa anazungusha lile bapa la bati kwa kidole, linafunguka na kufunga, huku anachungulia jino linagusa wapi. Akipata shida anakwangua kidogo kwa tupa, anazungusha tena. Nilikaa pale mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, na chuma kilikuwa bado hakijaguswa.

Kijana wa Muheza, hili ndilo la kumuuliza fundi wako kabla ya bei: unaanza na nini? Akisema anaanza kukata chuma, aga kwa heshima uondoke. Kosa la kwenye bati linagharimu debe bovu. Kosa la kwenye chuma kilichokwisha kuchomwa atakubebesha wewe.

Na umpelekee kisu chenyewe mkononi. Picha haina unene, haina mkazo wa springi. Kama huna, azima. Kama hupati wa kukuazima, subiri.

Tulibishana kuhusu urefu. Nilitaka bapa lizidi la babu kidogo. Kila mtu anataka lizidi kidogo. Mzee akanionesha kwenye ubao wake: ukilirefusha bapa, ncha inatokeza nje ya mpini likifungwa, ukirefusha na mpini, springi nayo inabadilika nguvu, na meno yanataka kupangwa upya. "Chagua. Unataka kirefu, au unataka kinachofunga?" Nikachagua kinachofunga. Nyota nazo alizikataa, akasema macho yake hayana tena kazi ya pembe tano. Miezi akakubali, akaichonga kwenye shaba ya kufuli bovu.

Kwenye malipo nilitaka nimpe yote, kwa furaha tu. Akanirudishia nusu. "Ukinipa yote nitakuchoka," akasema. Hekima hiyo ichukueni ilivyo.

Bapa lilitoka kwenye tupa kuukuu, springi kwenye springi ya gari, akaifua mpaka ikawa nyembamba. Bapa alilichoma hadi sumaku ikakataa kushika, akalitumbukiza kwenye mafuta. Likatoka gumu, tupa nyingine ikipita juu yake inateleza tu. Chuma cha namna hiyo kikidondoka sakafuni kinavunjika, kwa hiyo lazima kirudishwe kwenye moto mdogo. Hapo ndipo nilipoona kazi. Alitia mchanga kwenye karai, akauchoma, akalilaza bapa lililosuguliwa na msasa juu ya mchanga. Rangi zikaanza kutambaa kwenye chuma: njano ya majani makavu, ikaelekea kahawia. Kwenye ile njano akalitoa upesi. Ilipofika zamu ya springi akaiacha. Njano ikapita, kahawia ikapita, zambarau ikapita, ilipokuja buluu ndipo akaitoa. Bapa likifika buluu halikai na makali. Springi ikiishia kwenye njano itakatika siku moja, na wewe kidole kiko ndani. Kisu kimoja, moto wa namna mbili. Muulize fundi wako springi anaitoa kwenye rangi gani. Asipokuelewa, ameshakujibu.

Mpini ni mpingo. Msikimbilie mpingo wa kuuziwa leo, maana ukiwa haujakauka utasinyaa na kupasuka kwenye ribiti. Wangu ulitoka kwenye bakora ya mjomba iliyovunjika, mti uliokauka kabla sijazaliwa. Mzito, ukiutia kwenye maji unazama, na vumbi lake lilimpigisha mzee chafya siku nzima.

Jambo jingine, msimwambie fundi agonge jina la okapi kwenye bapa. Umbo ni la zamani, kila mtu analiiga, lakini jina lina wenyewe. Wangu nilimwomba agonge alama yake mwenyewe. Akasema hana. Sasa anayo.

Siku ya kuchukua msiwe na haraka, na msione haya. Fungua na ufunge mara nyingi mpaka fundi akereke. Likiwa wazi, lisukume bapa kushoto na kulia, lisicheze. Kiinue kisu kwenye mwanga, usione mstari kati ya springi na mpini. Kisha weka kipande cha gazeti ndani ya mpini, funga, fungua. Gazeti likitoka limekatwa, makali yanagonga chini kila unapofunga, na utakinoa kisu bure maisha yako yote. Changu kililikata. Mzee akakichukua, akakirekebisha kidogo, akanirudishia, gazeti likatoka zima.

Bei sasa. Kilinigharimu bei ya mbuzi, mbuzi mzuri. Kijiweni wakaniuliza kisu cha bei ya mbuzi kinachinja mbuzi wangapi. Ni watu wale wale wanaobadilisha simu kila mwaka na hawaulizwi na mtu. Ndugu zangu, tumezoea kumlipa fundi wa hapa kama tunamsaidia, halafu tunalipa kimya kimya kwa kitu kilichokuja na meli. Mzee wa watu ameshinda anachungulia jino la chuma kwa kioo cha fundi saa, wewe unamwambia "mzee nipunguzie, si chuma chakavu tu." Chuma ni chakavu, ndiyo. Macho yake je? Kama huna bei hiyo, weka akiba, usimshushe. Muda nao ni wake. Usimpigie kila siku.

Mwisho ni utunzaji, maana hapa Tanga hewa ya bahari haina huruma na chuma cha namna hii. Ukishakata chungwa au ndimu, futa hapo hapo. Bapa litaingia weusi, usiogope na usilisugue, huo si kutu. Kutu ni ile nyekundu. Kwenye kiungo tia tone la mafuta ya cherehani, usitie ya kupikia, yanaganda na kushika mchanga. Ukisafiri kwa ndege, kiweke kwenye mzigo wa chini, la sivyo watakichukua pale mlangoni na hakuna wa kumlilia. Na shemeji akikuomba akifungulie kopo la rangi, mwambie kimepelekwa kwa fundi.