Nani kachoma nyavu? Kwa mwalimu mpya wa Kiingereza Mwanza

Ukiambiwa uwafundishe wanafunzi kuchambua habari, usianze kutafuta projekta. Darasa la watu 70 kule Igoma au Buswelu linaendeshwa na gazeti moja la Kiingereza la wiki iliyopita, chaki na boksi tupu la dukani.

Anza na kichwa cha habari: ni kifupi, na sarufi imejaa ndani yake. Tunga viwili mwenyewe uviandike ubaoni: "Nets burnt at Mwaloni" (Mwaloni ni soko la samaki kando ya ziwa) na "Officers burn fishermen's nets". Kisha uliza: nani kachoma? Cha kwanza hakisemi. Hapo ndipo kauli ya kutendwa, ambayo wanafunzi huikariri kwenye majedwali bila kujua kazi yake, inapoeleweka: mtenda anaweza kufichwa. Cha pili kinamtaja, halafu "fishermen's" linamvuta msomaji upande wa mvuvi. Waulize wangeandikaje kama nyavu zenyewe ni makokoro, yaani nyavu zilizopigwa marufuku. Atatokea mmoja wa kuongeza "illegal", na huruma itahama papo hapo. Tumia dakika 20 hapa bila haraka.

Swali la "kweli au uongo?" liache kwanza. Linaleta kiitikio cha darasa zima na mjadala unafia hapo. Uliza nani kaandika, anamwandikia nani, na nani hakutajwa kabisa.

Wape dakika 5 wabishane kwa Kiswahili, au hata Kisukuma. Baada ya hapo waingie kwenye Kiingereza wakiwa na vianzio vitatu ubaoni: "The writer wants us to…", "We are not told…", "I would change…". Bila vianzio watasema wale wanne wa kila siku. Waliobaki maoni wanayo. Wanachoogopa ni kuchekwa.

Kwa picha, kata boksi vipande viwili vyenye umbo la L, kila mkono sentimita 15, upana sentimita 3. Vikipishanishwa juu ya picha ya gazeti vinakuwa fremu ya kupanua na kubana. Chukua picha ya dagaa wakianikwa mwaloni: bana kwa mama na fungu lake, halafu bana kwa takataka miguuni pake. Kila kikundi cha watu 6 kiandike maelezo yasiyozidi maneno 12 kwa fremu kiliyopewa. Picha iwe angalau robo ukurasa, la sivyo waliokaa nyuma wataona madoa tu.

Kipindi cha pili ni cha kutunga. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, linafaa sana. Habari nyingi za daraja humzungumzia msafiri anayeokoa muda. Waandike tangazo la redio la sekunde 30 kwa sauti ya mtu mwingine: muuza mayai aliyetegemea foleni ya kivuko, utingo wa lori, mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando usiku. Sekunde 30 ni kama maneno 60 kwa msomaji mtulivu. Wataandika 150 kisha wasome mbiombio. Shika saa, wakate wenyewe.

Usiwaambie watunge habari ya uongo "kwa mazoezi". Karatasi ikipigwa picha na kuingia WhatsApp, hakuna atakayejua ilikuwa kazi ya darasani, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa usambazaji wa taarifa za uongo. Ukitaka kuonyesha uzushi, waeleze mfano: mtu anasambaza video ya rangi na kudai ilipigwa kwa simu siku MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Simu zenye kamera zilikuwa bado. Lakini kabla ya kugusa ajali za ziwani, hasa ya MV Nyerere ya 2018 pale Ukara, muulize mwalimu wa darasa kama kuna mtoto aliyefiwa. Akiwepo, tafuta mfano mwingine.

Kusahihisha: karatasi 70 zenye wino mwekundu kila mstari zitakuchosha wewe na kuwanyamazisha wao. Chagua kosa moja la sarufi, labda wakati wa kitenzi, utangaze mapema kwamba hilo ndilo unalosahihisha. Pembeni andika sentensi moja tu ya kujibu walichosema.