Mboga Hukosa Bei Wakati wa Mvua: Nifanyeje?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi karibu na Kiboswa na nina robo ekari ambayo mwezi wa Aprili niliipanda sukuma wiki yote. Ilistawi vizuri, lakini ilipofika wakati wa kuvuna kila jirani alikuwa nayo, na madalali wakawa wanajipangia bei wenyewe. Sasa ninataka kugeukia mboga za kienyeji, hasa managu (mnavu) na saga (mgagani), niuze hapa kwetu na katika soko la Kibuye mjini Kisumu. Tatizo ni kwamba saga niliyoijaribu kando ya nyumba ilichanua maua kabla haijafika magotini. Nipande lini, kiasi gani, na maua hayo niyafanyeje?
Msomaji, Kiboswa

JIBU: Ndugu msomaji, sukuma wiki haikukukosea. Uliipanda wakati ambapo kila mwenye jembe kuanzia Ahero hadi Luanda alikuwa amepanda, na managu nayo yakipandwa Aprili yatakutana na msongamano uleule. Tena hali yao huwa mbaya zaidi, kwa sababu wakati wa mvua managu huota yenyewe katikati ya mahindi, na ni nadra mtu kutoa pesa anunue kitu anachoweza kuchuma bure nyuma ya nyumba yake. Bei ya mboga hizi hupanda mvua za vuli zinapokatika, kuanzia Desemba hadi mvua za masika zinaporejea mnamo Machi, na hicho ndicho kipindi ambacho shamba lako linapaswa kuwa na majani.

Hesabu basi kwa kurudi nyuma. Miche ya managu hukaa kitaluni takribani mwezi mmoja, na baada ya kuhamishwa huchukua mwezi mwingine hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Ukitaka kuvuna katikati ya Januari, sia mbegu katikati ya Novemba, ukizichanganya na mchanga kwa kuwa ni ndogo mno na hurundikana zikimwagwa peke yake. Usisie zote siku moja. Matuta mawili kila baada ya wiki mbili yatakupa mavuno yanayofuatana, na mteja wako hatalazimika kukutafutia mbadala. Chagua managu ya majani mapana, kwa kuwa yanatoa majani mengi zaidi na hayana uchungu mwingi.

Kuhusu kiasi, kinachoamua ni maji, wala si ukubwa wa shamba. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 huhitaji, siku ya jua kali, lita 40 hadi 60, yaani mitungi miwili au mitatu ya lita 20. Robo ekari ni takribani mita za mraba 1,000, na ukiilima yote wakati wa kiangazi itakudai mitungi 200 au zaidi kwa siku, kazi ambayo hata mwenye pampu angeifikiria mara mbili. Mimi ningeanza na matuta sita karibu na maji, niyatandaze nyasi kavu ili unyevu usipotee, na sehemu iliyobaki niipande kunde wakati wa mvua, maana kunde huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne na huuachia udongo rutuba.

Sasa saga. Mmea huu huharakisha kuchanua unapokosa maji, unapokuwa kwenye udongo uliochoka au unaposongamana na wenzake. Tia samadi iliyooza vizuri, punguza miche mapema (inayong'olewa ni mboga tayari), na ukate vichwa vya maua mara tu vinapochomoza ili mmea utoe matawi ya pembeni. Lakini chanzo kinaweza pia kuwa mbegu. Wakulima wengi huvuna mboga yote, kisha huacha kwa ajili ya mbegu mimea iliyowahi kuchanua kwa kuwa haina tena majani ya kuuza, na kwa njia hiyo huendeleza tabia ileile wanayoilalamikia. Tenga mimea michache iliyochelewa kuchanua, usiichume kabisa, na mbegu zake uzihifadhi pakavu kwa miezi mitatu au zaidi, kwa sababu mbegu mpya za saga huota kwa shida.

Usiyapande managu mahali palipotoka nyanya au viazi, kwani ni jamii moja na hushiriki mnyauko na minyoo ya mizizi. Na kwa kuwa majani huchumwa karibu kila wiki, dawa yoyote ambayo kibandiko chake kinataka ungoje siku 14 kabla ya kuvuna haikufai, hata kama muuzaji ataisifu vipi.

Kabla ya kusia mbegu yoyote, zungumza na akina mama mboga wawili au watatu wa Kiboswa, uwaulize wanamaliza mafungu mangapi kwa siku na wanapendelea siku zipi, kisha idadi ya matuta yako ifuate majibu yao. Kibuye ipeleke ziada tu, hasa Jumapili soko linapojaa, maana nauli ya gunia moja la mboga inaweza kula faida ya gunia hilo. Vuna jioni ya Jumamosi jua likiwa limepoa, ulaze mboga kivulini juu ya gunia lenye unyevu, na uzifunge mafungu alfajiri. Zikifungwa usiku kucha hupata joto na majani ya ndani huwa manjano kabla mteja wa kwanza hajafika.