Hukumu inapokwama njiani: mahakama za Marekani na ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki

Wasomaji walioko Marekani, baadhi yao wakalimani wa mahakamani, wanauliza jinsi hukumu inavyofika NICS, mfumo wa FBI ambao duka la silaha hulazimika kuuliza kabla ya kumkabidhi mteja bunduki. Mfumo huo ulianza kazi Novemba 30, 1998, kwa mujibu wa Sheria ya Brady ya 1993.

Hakimu akimtia mtu hatiani leo, kesho duka litajua?

Si lazima. Muuzaji haoni jalada la kesi. Anatuma jina, tarehe ya kuzaliwa na maelezo mengine ambayo mnunuzi ameyajaza kwenye fomu 4473, kisha NICS inapekua kanzidata tatu: III yenye historia za jinai, NCIC yenye watu wanaosakwa na amri za kuwalinda waliotishiwa, na faharasa ya NICS yenyewe, yaani orodha ya waliozuiwa kununua. Hukumu hutoka kwa karani wa mahakama, ikapitia ofisi ya kumbukumbu ya jimbo, ndipo ikafika FBI.

Kinachoibeba ni alama za vidole. Mtu akikamatwa huchukuliwa alama, na tukio hilo hupewa namba. Karani anapotuma matokeo ya kesi, namba ileile lazima iwemo, la sivyo jimbo halijui hukumu hiyo iwekwe kwa nani. Njia hukatika mshtakiwa anapoitwa kwa samansi bila kupita kituoni, kwa hiyo vidole havikuchukuliwa. Hukatika pia mwendesha mashtaka anapobadili shitaka, na shitaka jipya likabaki bila namba. Baya zaidi ni pale msimbo wa kosa unaotumiwa na mahakama usipolingana na wa jimbo: kompyuta inaikataa rekodi, nayo inalala kwenye orodha ya zilizokataliwa ambayo hakuna anayeifungua. Kazi ya polisi, mashahidi na hakimu imekamilika, lakini dukani ni kana kwamba kesi haikuwapo.

Dawa ni hakimu kuamuru vidole vichukuliwe siku ya hukumu kabla mtu hajaondoka, na karani kupitia rekodi zilizokataliwa kila wiki. Vidole visipopatikana kabisa, jimbo linaweza kumwingiza mtu kwenye faharasa ya NICS kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, maana faharasa hiyo, tofauti na III, haidai alama.

Gharama ya uzembe inajulikana. Aliyeshambulia kanisa la Sutherland Springs, Texas, Novemba 5, 2017, alikuwa ametiwa hatiani mwaka 2012 na mahakama ya kijeshi kwa kuwapiga watu wa familia yake. Jeshi la Anga halikupeleka vidole vyake wala hukumu FBI. Akanunua silaha dukani, akaua watu 26. Sheria ya Fix NICS ya Machi 2018 ilitokana na hayo.

Ndugu yangu alipewa kifungo cha nje tu, hakulala jela. Anaruhusiwa kununua?

Sheria ya shirikisho haiangalii adhabu aliyopewa, bali kiwango cha juu ambacho kosa lingeweza kumletea. Kikizidi mwaka mmoja, amezuiwa, isipokuwa makosa madogo ya jimbo ambayo adhabu yake ya juu ni miaka miwili au chini. Ndiyo maana tunawasihi makarani waandike kifungu kamili na daraja la kosa. Neno «shambulio» peke yake halimsaidii mkaguzi wa NICS.

Kumpiga mke ni kosa dogo katika jimbo letu. Nalo linazuia?

Linazuia, tangu marekebisho ya sheria ya shirikisho ya 1996, yaitwayo Lautenberg. Mara nyingi shitaka husema shambulio tu, na uhusiano wa mshtakiwa na aliyepigwa hauonekani. Mwaka 2009, katika kesi ya Hayes, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema uhusiano huo si lazima uwe sehemu ya kosa lenyewe, ila lazima uthibitike. Karani akiuandika kwenye taarifa ya hukumu, humwondolea mkaguzi siku nzima za kusaka ripoti ya polisi.

Na siku ndizo hana: sheria humpa tatu tu kabla duka halijaruhusiwa kuuza.

Siku tatu zikipita bila jibu?

Duka linaruhusiwa kuuza, japo halilazimiki, na baadhi ya majimbo yameongeza muda. Zinahesabiwa siku za kazi tu, kuanzia siku inayofuata: ukaguzi wa Alhamisi humaliza siku zake Jumanne, na bunduki inaweza kutoka Jumatano. Muuaji wa kanisa la Emanuel, Charleston, ambako watu 9 waliuawa Juni 17, 2015, alipata bastola kwa njia hiyo, kwa sababu rekodi ya kukamatwa kwake ilitaja ofisi isiyo sahihi na mkaguzi hakuipata ripoti kwa wakati. Tangu Juni 2022, kwa mnunuzi wa chini ya miaka 21, muda unaweza kufika siku 10 za kazi.

Nina viza ya mwanafunzi, sina kosa lolote.

Kwa kawaida umezuiwa, isipokuwa uwe na kibali halali cha uwindaji cha jimbo au msamaha mwingine uliotajwa na sheria. Mwenye green card hana kizuizi hicho.

Kesi yangu ilifutwa, bado nakataliwa. Nianzie wapi?

Huenda kukamatwa kwako kumeandikwa na kufutwa kwa kesi hakukuandikwa. Nenda kwa karani uombe nakala ya uamuzi yenye muhuri, kisha uipeleke ofisi ya kumbukumbu ya jimbo ili warekebishe. Wakati huohuo tumia namba ya muamala, NTN, kuiomba FBI sababu ya kukataliwa. Inapaswa kukujibu ndani ya siku 5 za kazi, na ukikata rufaa, uamuzi utoke ndani ya siku 60. Kwenye majimbo yanayojikagulia, kama Pennsylvania, anzia jimboni. Kama tatizo ni kufanana jina na tarehe ya kuzaliwa na mtu mwingine, omba kuingizwa kwenye jalada la hiari la FBI, VAF. Utatoa vidole na kupewa namba, UPIN, ya kujaza kwenye fomu 4473 kila ununuapo.