Umefaulu IELTS, bado hujakutana na "run"

Mdogo wangu, umeniuliza: wewe ni muuguzi, umesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza na alama za IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, umezipata. Je, ukija Uingereza lugha itakusumbua? Wengi mmeniuliza swali hilohilo, basi nawajibu kwa pamoja.

Ndiyo, itakusumbua, tena kwa miezi mingi. Majina marefu ya magonjwa na dawa hayatakupa shida, maana Muhimbili na huku Leeds ninakofanya kazi ni yaleyale. Vitakavyokuhangaisha ni vijineno vifupi ambavyo ulidhani ulimalizana navyo zamani.

Chukua "run". Shuleni tuliambiwa ni kukimbia, yakaisha. Sasa njoo usikilize wauguzi wakipokezana zamu saa moja asubuhi, wodi ya wazee. Mgonjwa mmoja "is running a temperature", ana homa. Jirani yake "has had the runs" tangu usiku wa manane: anaharisha, na usipoelewa hapo hutamtenga mapema, kesho wodi nzima inaweza kuwa inaharisha. Sukari ya bibi wa dirishani "is running low", iko chini. Glavu, "we've run out", zimekwisha. Dripu "is running over eight hours", yaani imepangwa iingie kwa saa nane. Kisukari "runs in the family", ni ugonjwa wa ukoo wao. Damu ya mgonjwa maabara wanai-"run", wanaipima. Lakini ukiambiwa "run these bloods down", wewe ndiye unayetakiwa kuzipeleka. Kisha daktari anakugeukia: "Run me through it." Anataka umweleze hatua kwa hatua. Yote hayo kwa dakika chache, kwa lafudhi ya Yorkshire, eneo letu hili, na nusu ya wasemaji wamevaa barakoa.

Baraza la wauguzi la huku, NMC, linataka alama 7 za IELTS katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Si alama ndogo, na aliyezipata ametoka jasho. Ila mtihani ule unakusikilizisha watu wanaotamka kwa utulivu, wakimaliza sentensi zao.

Usijione mjinga. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipofika kwenye "run", mmoja wao, Peter Gilliver, alitumia miezi tisa kwa neno hilo tu, na kama kitenzi peke yake likatoka na maana 645. Sisi nasi tuna "piga": simu, pasi, deki, picha, kura, hodi, chafya. Hakuna Mtanzania aliyefundishwa orodha hiyo darasani, tumekua nayo. Wao wamekua na "run" vivyo hivyo, ndiyo maana hata hawajui kwamba wanakupa taabu.

Linaloniuma hasa ni hili. Ukinyamaza, wanachukulia umeelewa. Kazi isipofanyika, hawasemi hukulijua neno, wanasema hujui kazi. Nimeona wauguzi hodari, wa kwetu, wa Kerala kule India na wa Ufilipino, wakishushwa thamani namna hiyo, watu waliozalisha akina mama kwa mwanga wa tochi. Sisi tumelelewa kwamba kumhojihoji mkubwa ni utovu wa adabu. Huku mkubwa anatarajia umuulize, na asipoulizwa ndipo anapopata wasiwasi.

Kwa hiyo rudia ulichosikia kwa maneno yako mwenyewe: "Anaharisha tangu usiku, sawa?" Sema kwa Kiingereza chepesi, mbele ya wote, kila zamu. Mgonjwa mwenye ugonjwa wa kusahau hatakusahihisha, na simu ya maabara haina uso wa kuusoma. Weka kijidaftari mfukoni, uandike kifungu kizima: "run out", "run low", "run late". "Run" ikiwa peke yake haitakusaidia kitu. Ukirudi nyumbani washa BBC Radio Leeds, sikiliza vipindi vya wasikilizaji wanaopiga simu. Ndio hao utakaowauguza.

Njoo, kazi ipo na mikono yako inahitajika. Ila kabla hujasafiri kufanya OSCE, ule mtihani wa vitendo, tufanye mazoezi ya kupokezana zamu kwa simu. Jumapili jioni huwa nina nafasi. Nitazungumza haraka kama wao, na wewe utanikatiza kila unapopotea.