Mjomba wako hajasahau maneno

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini mjomba wako akishavuta bangi anaanza stori vizuri kabisa halafu katikati anasimama anakuangalia, "hivi nilikuwa nasema nini?", ukataka kujua kama bangi imekula lugha yake. Nilikuwa stendi, kelele nyingi, sikukujibu vizuri.

Lugha haijaliwa. Maneno yake yote yapo, anachokosa ni pa kuyashikilia. We angalia sentensi zetu, ukisema "vile viti alivyotuletea jirani siku ile ya msiba vimevunjika", ile vi- ya mwanzo lazima uibebe kichwani mpaka ufike mwisho, na hapohapo unatafuta neno linalofuata. Kazi hiyo ya kubeba inafanyika ubongo wa mbele, na ndani kuna sehemu inaitwa hipokampasi ndo inayohifadhi kilichotokea sasa hivi. Kote huko kuna vipokezi vingi mno, yaani vile visehemu vya seli vinavyopokea ujumbe, ambavyo THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, inavikamata, maana ubongo wenyewe unatengeneza kitu kinachofanya kazi kama hiyo, wanasayansi walikipata 1992 wakakiita anandamidi. Sasa ubongo unatoa chake kidogo kidogo, pale kinapohitajika tu, ila bangi inamwagika kila mahali, ndo maana mwanzo wa sentensi unampotea kabla hajaimaliza.

Pombe ni kitu kingine, inavuruga ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayopanga misuli, ulimi unakuwa mzito. Kaka yangu hata akivuta anatamka vizuri tu, uzi ndo unakatika.

Kinachoniuma mimi ni kwamba alianza akiwa kidato cha pili, na ubongo wa mbele unaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Akivuta leo, baada ya masaa kadhaa maongezi yanarudi, lakini mtu anayevuta kila siku miaka na miaka mara nyingi anapata shida kushika maneno mapya hata siku ambayo hajavuta, na yeye ndo alikuwa anatusimulia hadithi sisi wote pale nyumbani, usiku mzima, bila kupoteza hata jina moja.

Ukija Jumapili akikwama usicheke wala usimmalizie, mrudishie tu neno lake la mwisho, taratibu. Mi nafanyaga hivyo na anaendelea.

Mama