Sanduku la Barua: "Tonton", nyumba ndogo na daraja la Rusumo

Toleo lililopita nilimkumbuka François Mitterrand, rais wa Ufaransa kuanzia 1981 hadi 1995, kwa kuwa Januari 2026 ilitimia miaka 30 tangu afariki. Nilidhani nitapata barua mbili tatu za wanafunzi wangu wa zamani wa Kifaransa. Zimekuja nyingi, na baadhi zina hasira. Nimechukua nne.

Shikamoo Mwalimu. Uliandika kuwa Mitterrand ndiye msoshalisti wa kwanza kuwa rais wa Ufaransa. Mjomba wangu aliyesoma Bujumbura anasema umekosea. Nani mkweli? (Msomaji, Kigoma)

Marahaba. Mjomba wako ndiye mkweli, mpe salamu zangu. Wa kwanza alikuwa Vincent Auriol, 1947 hadi 1954. Ila huyo alichaguliwa na wabunge na maseneta, na nguvu za serikali zilikuwa kwa waziri mkuu. Mitterrand ni msoshalisti wa kwanza kupewa urais na wapiga kura wenyewe, tarehe 10 Mei 1981, baada ya kushindwa 1965 na 1974. Nilipaswa kuandika hivyo tangu mwanzo, lakini siku ile nilikuwa naharakisha.

Mwalimu, huo usoshalisti wake ulikuwa kama Ujamaa wetu? Babu anasema hata sisi tulitaifisha benki na hatukufika mbali. (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora)

Benki alizitaifisha kweli, kwa sheria ya Februari 1982, miaka 15 baada ya sisi kuzichukua za kwetu Februari 1967. Akachukua na makampuni makubwa ya viwanda, kama Saint-Gobain na Thomson. Mfanano unaishia karibu hapo. Hakuna Mfaransa aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa. Waliompigia kura walitaka kupumua kidogo, na walipumua: likizo ya kulipwa ikatoka wiki nne ikawa tano, saa za kazi kwa wiki zikashuka kutoka 40 hadi 39, mtu akaweza kustaafu na miaka 60 badala ya 65. Matajiri wakawekewa kodi ya mali. Fedha zikaanza kukimbilia nje, faranga ikashushwa thamani mara tatu ndani ya miezi 18, na Machi 1983 akageuza usukani, serikali ikaanza kubana matumizi. Wapinzani wake walipolipata bunge 1986 wakaanza kuyauza yale aliyoyataifisha. Mwambie babu kwamba sisi kugeuka kulituchukua karibu miaka 20, yeye hata miwili haikutimia.

Mimi nikiulizwa alichoacha, sianzi na benki. Naanza na gilotini, ile mashine ya kukatia watu vichwa. Machi 1981, wiki chache kabla ya kura, aliulizwa kwenye televisheni kuhusu adhabu ya kifo. Wafaransa wengi wakati huo walitaka ibaki, na yeye alilijua hilo vizuri. Akasema waziwazi kwamba anaipinga. Alipochaguliwa, waziri wake wa sheria, Robert Badinter, alipeleka muswada bungeni, na tarehe 9 Oktoba 1981 ikawa sheria. Mtu wa mwisho kukatwa kichwa Ufaransa alikuwa Mtunisia, Hamida Djandoubi, huko Marseille, 1977.

Sasa geuza karatasi. Mitterrand huyohuyo alikuwa waziri wa sheria 1956 na 1957, vita vya Algeria vikiwaka, na katika miezi yake Waalgeria zaidi ya 40 walipelekwa kwenye gilotini hiyohiyo. Pamoja nao alikuwemo Fernand Iveton, mfanyakazi mwenye asili ya Ulaya aliyeunga mkono uhuru, ambaye bomu lake halikulipuka wala halikumjeruhi mtu. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza, Mwalimu, yupi kati ya hao ndiye Mitterrand wa kweli? Nikawajibu waandike wote wawili, karatasi za majibu zinatosha.

Mwalimu, tumesoma kuwa mheshimiwa alikuwa na nyumba ndogo miaka yote hiyo. Nchi nzima ilifichwa vipi? (Mama Salma, Mombasa)

Mama Salma, wala haikuwa ndogo. Kwa miaka walikaa kwenye jengo la serikali kando ya mto Seine, wakilindwa na askari wa serikali. Mama ni Anne Pingeot, mtaalamu wa makumbusho. Binti ni Mazarine, aliyezaliwa Desemba 1974. Wafaransa walio wengi walimwona kwa mara ya kwanza Novemba 1994, kwenye picha za jarida la Paris Match, naye anakaribia miaka 20. Waandishi kadhaa wa Paris walijua siku nyingi. Wengine walinyamaza kwa adabu, kwamba mambo ya chumbani ni ya chumbani. Wengine hawakutaka kufungiwa mlango wa Ikulu. Na palikuwa na kikundi mle Élysée, ndiyo Ikulu yao, kilichosikiliza simu za watu kati ya 1983 na 1986, waandishi wakiwemo, na siri ya binti ilikuwa mojawapo ya mambo kiliyoyalinda. Kesi yake ilikuja kuamuliwa 2005, na waliohusika wakatiwa hatiani, mwenyewe keshazikwa.

Halafu saratani. Aligundulika nayo Novemba 1981, miezi sita tu baada ya kuapishwa. Alikuwa ameahidi kuwatangazia wananchi hali ya afya yake kila miezi sita, na taarifa zilitoka kweli, zimesainiwa na daktari, zinasema mzee mzima. Ugonjwa wenyewe walitajiwa 1992, alipofanyiwa upasuaji.

Kwetu mtoto wa nje hujulikana matangani, na kwao ikawa hivyohivyo. Tarehe 11 Januari 1996, alipozikwa Jarnac, mji wake wa kuzaliwa, mkewe Danielle na wanawe walisimama kaburini, na Anne na Mazarine wakasimama nao. Nje ya kanisa waziri wake mmoja wa zamani, asiyetaka kukanyaga kanisani, alibaki amemshika kamba mbwa wa marehemu, Baltique. Wafaransa walimpa jina la utani Tonton. Ukinitaka nikutafsirie nitakwama, maana Kifaransa hakijali kama ni mjomba au baba mdogo, na sisi hatuwezi kumkaribisha mtu ndani bila kulijua hilo.

Mwalimu, umejaza ukurasa kwa majengo na likizo, Rwanda ukaipa mstari mmoja. Huku kwetu mtu huyo tunamkumbuka kwa jambo moja tu. (Msomaji, Kigali)

Umenishika, dada, na umenishika pabaya, kwa kuwa nilikuwa karibu.

Mwaka 1994 nilikuwa nafundisha Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuja kwetu, ndani ya saa 24 hivi. Nilichukuliwa kuwa mkalimani wa madaktari wa kigeni. Kihangaza, lugha ya Ngara inayokaribiana na Kinyarwanda, kilitosha kwa kuongea na wagonjwa, Kifaransa nikakitumia kwa daktari. Wiki hizo mto Kagera ulikuwa unashusha maiti. Pale kambini Benaco, watoto walipanga foleni ya mahindi pamoja na watu waliowaua wazazi wa watoto wengine, na hukuweza kuwajua kwa sura.

Askari wa Ufaransa walikuwa wamefika Rwanda Oktoba 1990, siku chache baada ya waasi wa RPF kuvuka mpaka. Walimwimarisha rais Habyarimana na kulifunza jeshi lake kwa miaka mitatu. Ile ndege yake iliyoangushwa tarehe 6 Aprili 1994, ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, ilikuwa zawadi ya Ufaransa, na marubani wake walikuwa Wafaransa. Maamuzi haya hayakupita bungeni Paris. Yalikuwa ya rais mwenyewe na maofisa wachache waliomzunguka. Ofisi ya Afrika pale Ikulu iliwahi kuongozwa na mwanawe, Jean-Christophe, hadi 1992, na Waafrika wakambandika jina Papamadi, yaani "baba kaniambia".

Ndipo ninapoona nilikosea toleo lililopita. Niliweka nyumba ndogo huku, saratani kule, na Rwanda pembeni, kana kwamba ni habari za watu watatu. Mtu aliyezoea kuendesha mambo yake mazito kwa chumba chenye watu wanne, na mlango umefungwa, aliiendesha na nchi yenu hivyo. Hilo ni wazo langu mimi. Tume ya wanahistoria iliyoongozwa na Vincent Duclert, katika ripoti yake ya Machi 2021, haikugusa habari za nyumbani kwake. Ilisema Ufaransa inabeba majukumu mazito mno, ikaonyesha jinsi Ikulu ilivyopita pembeni ya taratibu za kawaida, ila haikukuta ushahidi kwamba Ufaransa ilishiriki kwa kukusudia mauaji ya kimbari. Najua wengi wenu hamkuridhika na sentensi hiyo ya mwisho.

Kikosi cha Turquoise, cha askari wa Ufaransa, kiliingia Rwanda Juni. Kuna waliookolewa nacho. Kuna pia Bisesero: askari walionana na Watutsi waliojificha milimani tarehe 27 Juni, wakaondoka, wakarudi tarehe 30. Katika siku hizo tatu waliuawa mamia.

Nirudi Benaco. Siku za mwanzo alinijia mwanamume mmoja, shati limenyooshwa kwa pasi, sijui aliipata wapi. Aliniuliza kwa Kifaransa safi kama redio ya Ufaransa inashika vizuri pale, anataka kujua Paris wamesema nini. Nilimwona ni mtu wa shule kama mimi. Kumbe tarehe 27 Aprili, siku moja kabla watu hawajafurika darajani, waziri wa mambo ya nje wa serikali iliyokuwa inaua, Jérôme Bicamumpaka, alikuwa amepokelewa Élysée. Mimi hilo sikulijua. Yeye, nadhani, alilijua.

Nilimwelekeza masafa, nikampa na betri mbili.